Kuchechemea kwa Farasi Si Uvivu

Farasi anapochechemea asubuhi, kisha akapata nafuu baada ya kutembezwa kidogo, aghalabu husemwa kuwa ameingiwa na baridi, au amezeeka, au ni mvivu tu. Dhana ya kwanza imesaidiwa na lugha yenyewe: jina "baridi yabisi" humfanya mtu aitafute sababu katika hali ya hewa, ilhali asili ya ugonjwa imo ndani ya kiungo.

Farasi husimama juu ya ncha ya kidole kimoja katika kila mguu, na miguu ya mbele hubeba takriban asilimia 60 ya uzito wake. Mnyama wa kilo 500, basi, huweka kilo 300 juu ya vidole viwili, nao ni uzito wa kusimama tu, si wa kukimbia. Kinachozuia mifupa isisagane ni gegedu, tabaka jembamba na nyororo, pamoja na ute unaolilainisha. Gegedu halina mishipa ya damu wala ya fahamu. Kwa kukosa damu, likichubuka haliponi kama ngozi iponavyo. Kwa kukosa fahamu, huanza kulika bila mnyama kuhisi lolote. Maumivu yanapodhihirika, yakitoka kwenye mfupa na utando uliovimba, uharibifu umekwisha kutangulia.

Ndiyo maana dawa za kutuliza maumivu, kama vile fenilbutazoni, zahitaji hadhari. Zikitolewa na daktari wa mifugo kwa mnyama aliyepunguziwa kazi, ni neema. Zikitolewa ili arudi mbioni kesho yake, huondoa onyo na kuliacha gegedu likiendelea kulika. Kumfungia zizini daima nako hakufai, kwani gegedu hulishwa na ute unaosukumwa na mwendo.

Farasi ni nadra Afrika Mashariki, lakini punda, aliye wa jamii yake na mwenye viungo vya namna hiyo hiyo, si nadra. Mjini Lamu, ambako vichochoro haviruhusu magari, punda hubeba mchanga na saruji. Kupakia punda ambaye mifupa yake haijakomaa ni kuuita ugonjwa mapema. Kwato zilizoachwa zikarefuka nazo huupinda mguu na kukielemea kiungo; fundi ajuaye kuzikata huondoa dhara hilo bila dawa yoyote.

Anayeshuku uvivu na aiweke fimbo chini, amtembeze mnyama mahali tambarare, akitazama kichwa. Kikiinuka kila mguu mmoja wa mbele unapokanyaga, mguu huo ndio unaouma.