Ayimba: Kocha Aliyeitwa Mara Mbili

Jumapili moja alasiri jirani yangu alipiga hodi akiwa na barua mkononi. Bwana huyu, ambaye humu nitamwita Baba Rehema, alikuwa msimamizi wa zamu katika kiwanda kimoja cha jijini kwa miaka mitano. Uzalishaji uliposhuka aliondolewa, nafasi yake akapewa mtaalamu kutoka nje, naye akarudishwa kwenye mashine kama fundi wa kawaida. Miaka mitatu ikapita. Mtaalamu akaenda zake, na sasa barua ile ilimtaka Baba Rehema ashike tena usimamizi.

Mkewe alikuwa amekwisha kutoa hukumu. "Shemeji, mwambie ndugu yako asikubali," alinisihi. "Waliomwondoa jana watamwondoa na kesho."

Sikuwa na jibu la haraka. Badala yake niliwasimulia habari za mtu ambaye kazi yake haikuhusiana hata kidogo na viwanda. Mtu huyo ni marehemu Benjamin Ayimba, aliyekuwa kocha wa timu ya taifa ya Kenya ya raga ya wachezaji saba.

Raga haijazoeleka sana katika mitaa yetu, hivyo yafaa nieleze kidogo. Katika aina hii kila upande huwa na wachezaji 7, ilhali uwanja ni ule ule wa timu za wachezaji 15. Mchezo una vipindi viwili vya dakika 7 kila kimoja. Mchezaji hukimbia na mpira wenye umbo la yai, na akiugusisha chini nyuma ya mstari wa goli la wapinzani, timu yake hupata pointi 5. Lakini hana ruhusa ya kumrushia kwa mkono mwenzake aliye mbele. Kwa hiyo hata mwenye mbio kuliko wote huwategemea wale wanaomfuata nyuma.

Ayimba aliujua mchezo huo kwa kuucheza. Aliichezea klabu ya Impala ya Nairobi, akaenda Uingereza kuichezea Cornish Pirates, na akawa nahodha wa Kenya katika raga ya wachezaji saba na ya wachezaji 15 pia. Mwaka 2006 alikabidhiwa timu ya wachezaji saba kama kocha.

Mwezi Machi mwaka 2009 aliipeleka timu hiyo Dubai kwenye Kombe la Dunia. Katika robo fainali Kenya ilikutana na Fiji, nchi ya visiwa ambayo watoto wake huanza kucheza raga karibu sawa na kuanza kutembea. Fiji ilikuwa bingwa mtetezi. Kenya iliishinda kwa pointi 26 kwa 7. Ilifungwa na Argentina katika nusu fainali, lakini wakati huo dunia nzima ya mchezo huo ilikuwa imekwisha kuuliza: hawa Wakenya wametoka wapi?

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Hata hivyo, mwaka 2011 kazi ile ilitoka mikononi mwa Ayimba. Baadaye timu ilifundishwa na wageni: Mike Friday wa Uingereza, kisha Paul Treu wa Afrika Kusini. Haki itendeke, wageni hao hawakuwa wababaishaji. Chini ya Friday, Kenya ilifika tena nusu fainali ya Kombe la Dunia, huko Moscow mwaka 2013. Lakini nao waliondoka, na mwaka 2015 mwenyeji akaitwa tena.

"Akaenda?" Baba Rehema aliuliza.

Akaenda. Na tarehe 17 Aprili, 2016, huko Singapore, Kenya iliingia katika fainali dhidi ya Fiji ile ile. Ilishinda kwa pointi 30 kwa 7. Hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kwa Kenya kutwaa kombe katika mfululizo wa mashindano ya dunia ya mchezo huo. Miongoni mwa wachezaji alikuwamo Collins Injera, ambaye Ayimba alikuwa naye Dubai miaka saba kabla. Miezi minne baada ya fainali hiyo, Fiji hao hao walitwaa medali ya dhahabu ya Olimpiki huko Rio de Janeiro.

Mama Rehema alitabasamu, akidhani hadithi imekwisha. La hasha. Katika Olimpiki hiyo hiyo Kenya ilifungwa mechi zote tatu za kundi lake, ikamaliza ya 11 kati ya timu 12. Kabla ya mwaka kwisha Ayimba hakuwa kocha tena. Aliyempokea alikuwa Innocent Simiyu, ambaye naye aliwahi kuichezea timu hiyo.

"Sikusema mimi?" mama akadakia. "Wamemfukuza tena!"

Alisema kweli, na sikuweza kumpinga. Kurudi kazini hakukumpa Ayimba kinga ya kuondolewa. Lakini kama angesusa mwaka 2015, je, siku ya Singapore ingekuwapo? Na vijana aliowalea wangemkumbuka kwa lipi, kwa kazi yake au kwa kinyongo chake?

Tarehe 21 Mei, 2021, Ayimba alifariki dunia katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, Nairobi, akiwa na umri wa miaka 44. Malaria ilikuwa imempanda kichwani. Mwili uliostahimili vishindo vya raga uliangushwa na mbu. Basi wazazi wenzangu, homa isitibiwe kwa kubahatisha. Apimwe mtu mzima kama apimwavyo mtoto, na dawa imalizwe. Siku hiyo sifa zilimiminika kutoka kila upande. Zilikuwa sifa za haki, ila mwenyewe hakuzisikia. Twapaswa kujiuliza ni wangapi kazini na nyumbani kwetu tunaowawekea akiba ya shukrani hadi siku ya matanga.

Baba Rehema alikunja barua yake bila kusema neno. Mkewe ndiye aliyesimama kwanza. Mlangoni alimgeukia mumewe, akasema kwa sauti ya chini: "Kama utakwenda, nenda. Lakini hapa nyumbani hatutangoja wakushukuru wao."

Jumatatu alfajiri nilimwona akielekea kituo cha basi, ovaroli yake ikiwa imepigwa pasi.