Kesha ya Ijumaa Haitoshi



Kuna jambo linanisumbua kama mchungaji. Watu wetu wanajaza kanisa Ijumaa usiku, wanaomba mpaka sauti inapotea, halafu kuanzia Jumamosi asubuhi hadi kesha nyingine hawajamwambia Mungu neno isipokuwa kubariki chakula. Kesha ni nzuri na sitaacha kuiitisha. Lakini haikuwekwa ichukue nafasi ya siku zile zingine sita.

Wengi wakisoma 1 Wathesalonike 5:17 wanakata tamaa. Nitaombaje bila kukoma na nina kazi, nina watoto, nina mkopo wa chama? Sasa rudi nyuma kidogo katika barua hiyo hiyo, sura ya 2 mstari wa 9. Paulo anawakumbusha alivyofanya kazi usiku na mchana ili asimlemee mtu yeyote kati yao. Matendo 18:3 inatuonyesha kazi yenyewe: kushona mahema. Aliyetuagiza tuombe bila kukoma alikuwa mtu wa sindano na mikono yenye sugu, kwa hivyo hakuna aliyekwambia uache kazi. (Na ndugu yangu, ukitoka kwa maombi ya saa saba mchana ukarudi ofisini saa tisa, usimwite bosi wako adui wa injili. Umekula wakati wake.)

Mtu ninayempenda sana hapa ni Nehemia. Soma sura ya 2. Yuko kazini, mnyweshaji, amempelekea mfalme Artashasta divai. Mfalme anamwuliza, unataka nini? Kati ya swali na jibu, Nehemia anamwomba Mungu wa mbinguni, kisha anajibu. Hakuomba ruhusa atoke nje. Hakupaza sauti. Pengine mfalme hakujua kama kuna kitu kimetokea.

Lakini usisahau sura ya 1. Habari za Yerusalemu zilimfikia mwezi wa Kisleu, na sasa ni Nisani. Hiyo ni kama miezi minne. Tangu siku ile alilia, akafunga, akaomba mchana na usiku. Ombi la sekunde chache lilitoka kwa mtu ambaye mazungumzo yake na Mungu yalikuwa yanaendelea tayari.

Mfalme wako ni nani? Labda ni landilodi anayepiga simu tarehe tano. Labda ni mteja anayekutukana mbele ya watu pale kibandani, au mtoto amesimama mlangoni, amefukuzwa shule kwa ajili ya karo. Kabla ya kufungua mdomo: "Bwana, nipe neno." Ni maneno matatu tu. Saa kama hiyo huji kunitafuta kwa simu, mama, na hata ukinipata, atakayejibu ni wewe.

Wengi mnaniandikia, "Pastor, niombee." Nitakuombea, ndiyo kazi yangu. Ila nikikuuliza wewe mwenyewe umeliombea mara ngapi, kimya. Na kuandika "Amina, napokea" hapa chini si kuomba. Andika, nafurahi kuiona, lakini weka simu chini kwanza uongee na Baba.

Kesho chai ikichemka, mtajie Mungu mtu mmoja wa nyumbani kwako. Ukiwa kwa foleni ya matatu, mtajie mwingine. Mtaje hata yule mliyekosana naye kazini. Ijumaa tukutane kesha saa tatu usiku, uje ukiwa unaendelea na maneno uliyoanza jikoni.