Sanaa yetu isisubiri msiba

KUTOKA MPAKANI
Na Nafula Wesonga

Mara ya mwisho kumsikia mpiga adeudeu, jeneza lilikuwa hatua chache tu kutoka alipoketi. Yalikuwa matanga, nje kidogo ya Malaba. Mzee alivuta kigoda karibu na moto, akakipakata kinubi chake, akawa anakaza nyuzi moja moja huku ameinamisha sikio, hadi zote zikapatana. Waombolezaji wakanyamaza. Kule barabarani matrela yalizidi kunguruma yakielekea Uganda.

Tangu usiku ule najiuliza: bila msiba, ningemsikia wapi? Jumamosi ya kawaida mjini Busia, mtu mwenye kinubi aende akapigie wapi?

Vijana wetu nao wana disko matanga. Spika hukodishwa, jenereta huwashwa, watu hukesha wakicheza kwenye boma la wafiwa. Machifu na wakuu wa usalama hapa Magharibi wamezipiga marufuku mara nyingi, na sababu ni nzito: wasichana wamedhulumiwa humo, wengine wakarudi nyumbani na mimba. Naunga mkono marufuku hiyo kwa moyo wote. Lakini kijana wa miaka 17 anayependa kucheza, tukishamfukuza matangani tumemwelekeza wapi?

Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limezikabidhi kaunti shughuli za utamaduni, burudani za umma, maktaba na makavazi. Ni wajibu, si hisani. Mpango wa maendeleo wa kaunti wa miaka mitano unafikia ukingoni 2027, na utakaoufuata lazima upitie vikao vya maoni ya wananchi. Katika vikao nilivyowahi kuhudhuria nimesikia wafanyabiashara, wakulima na watu wa bodaboda wakidai haki yao. Sijawahi kumsikia mpiga ngoma. Huyo huitwa baadaye, awachezee wageni wa heshima juani, kisha apewe soda.

Ombi langu kubwa ni ardhi. Kaunti itenge ploti mjini, mahali pa kufikika kwa miguu kutoka steji, iwe na hati, na iandikwe kwenye ramani ya mji kuwa ni ya sanaa. Jengo la fahari linaweza kungoja. Paa, sakafu ya saruji, umeme, maji na choo vinatosha kuanzia. Ploti ikishamezwa na maduka, hairudi.

Tena tusipange peke yetu. Wateso na Wasamia wako pande zote mbili, kwa sababu mpaka ulipita katikati yao. Mwaka 2018 Rais Uhuru Kenyatta na Rais Yoweri Museveni walizindua kituo cha pamoja cha mpakani hapa Busia, lori lipate kukaguliwa mara moja badala ya mbili. Ikiwa serikali mbili ziliweza kuketi pamoja kwa ajili ya lori, na zikae tena kwa ajili ya kikundi cha wapiga akogo, ala ya Wateso ya kupigwa kwa vidole, kutoka Tororo, kivuke na vyombo vyake vikijulikana kuwa vya kazi, wala si bidhaa. Tunaweza hata kuandaa tamasha la pamoja, na tamasha kubwa halihitaji mji mkuu. Okot p'Bitek, mshairi wa Gulu, alianzisha tamasha la sanaa Kisumu miaka ya sitini, wakati Kisumu haujawa jiji. Nasi tuna Kakapel, huko Teso Kaskazini, ambako watu walichora kwenye mwamba kabla mpaka huu haujawaziwa. Wangapi kati ya madereva wanaolala foleni Malaba wamewahi kuambiwa hivyo?

Alfajiri ile nilimuuliza mzee anamfundisha nani. Alinionyesha mjukuu wake, mvulana aliyesinzia kando ya majivu, kichwa kwenye mfuko wa kinubi. Akaniambia humfundisha matangani tu, kwani nyumbani kinubi hakitolewi ndani mpaka mtu afe.