Mnyama Hapigwi kwa Mbali



Leo nina neno ambalo wazee wengine huenda wasilipende. Lisome hadi mwisho kabla hujanipigia simu.

Wiki kadhaa zilizopita nilihubiri kwa ukali juu ya vijana na magemu. Mliokuwepo mnakumbuka. Nilisema kibanda cha gemu ni mlango wa kuzimu, nikapiga mimbari, nanyi mkasema Amina. Jumapili iliyofuata kijana wetu wa kinanda hakuja. Ya pili pia hakuja. Kinanda kikabaki kimefunikwa kitambaa, tukaimba kwa makofi na kayamba.

Nilimtumia ujumbe, hakujibu. Nikamtumia mistari ya Biblia. Niliona ameisoma, lakini kimya. Mwishowe nikapanda matatu hapa Mwabungo hadi Ukunda, nikaulizia, nikaelekezwa kwenye kibanda kimoja cha gemu. Nikaingia. Ndiyo, mchungaji wenu aliingia na Biblia yake kwenye mkoba.

Wengi mle ndani walikuwa wanacheza mpira. Yeye alikuwa pembeni, peke yake, pedi mkononi, anapigana na mnyama kwenye skrini. Nikaketi kando yake kwenye benchi. Hakuniangalia. Baada ya muda nikamwuliza, "Huyu ni nani?"

"Rajang, Pasta."

Mpendwa, nikueleze huyo Rajang ni nani, maana nilikaa pale karibu saa mbili nikifundishwa.

Gemu lenyewe ni Monster Hunter, la kampuni ya Capcom ya Japani. La kwanza lilitoka mwaka 2004. Alilokuwa akicheza ni la mwaka 2018, na Rajang aliongezwa humo Oktoba 2019. Ni mfano wa nyani mkubwa mwenye pembe mbili kama za fahali. Sisi wa huku tunawajua nyani, tunajua wanavyoingia shambani na mahindi yakiwa machanga. Sasa fikiria nyani mkubwa kuliko nyumba yako, manyoya meusi, na akikasirika manyoya yanageuka rangi ya dhahabu na anatoa radi mdomoni. Huyo ndiye Rajang.

Kijana alikuwa amepigwa naye mara nyingi. Katika gemu hilo, kwa kawaida ukianguka mara tatu mawindo yameshindikana, unaanza upya. Nikamwuliza kwa nini asimkimbie akae mbali, ampige kutoka huko.

Akacheka kwa mara ya kwanza. Akasema, "Pasta, mbali ndiko anakokuulia."

Akanionyesha. Ukisimama mbali mbele yake, anakurushia radi, au anaruka juu na kukuangukia. Anayemshinda humkaribia. Anaingia karibu na miguu ya nyuma, anapiga kidogo, anakwepa, anapiga tena. Inatisha, lakini huko karibu ndiko penye nafasi.

Nikanyamaza. Nilihisi Roho Mtakatifu ananigusa bega. Mimi nilikuwa nimepiga kelele kutoka mimbarini. Nilikuwa mbali, mbele, na salama. Radi ikampiga mtoto.

Fungua 1 Samweli 17, mstari wa 34 hadi 37. Daudi anamweleza Sauli habari za simba na dubu waliochukua mwana-kondoo. Tunapenda sana habari ya kombeo, lakini angalia vizuri. Kombeo lilikuwa la Goliathi. Kwa simba, Daudi anasema alimfuata, akamnyang'anya kondoo kinywani, na alipomwinukia akamshika ndevu. NDEVU, mpendwa! Ili umshike simba ndevu lazima uwe karibu kiasi cha kusikia pumzi yake. Mchungaji wa kondoo hakusimama kilimani akamkemea simba. Alikwenda.

Basi nikamwambia kijana, "Nifundishe yote." Naye akanifundisha, nami nawapa kama nilivyopokea.

Kwanza, jiandae. Kabla ya kutoka unakula chakula, maana chakula kinakuongezea nguvu. Unabeba dawa. Unanoa silaha kwa kinoo, na hata katikati ya pambano unatafuta nafasi unanoa tena, kwa sababu silaha butu hugonga ngozi na kurudi. Soma Mhubiri 10:10 uone Sulemani anasema nini juu ya chuma butu. Wengine wetu tunaingia vitani na upanga tuliounoa mwaka tuliookoka.

Pili, chagua silaha inayomfaa huyo mnyama. Rajang ni wa radi, kwa hiyo radi haimfanyi kitu. Kinachomuumiza ni barafu. Ukienda kwake na silaha ya radi unajichosha bure.

Tatu, usipige pale anapotaka upige. Akizidi kukasirika, mikono yake inakuwa myekundu na migumu, silaha inadunda. Anayepiga mikono anachoka. Siri iko kwenye mkia. Mkia ndio chanzo cha nguvu zake. Ukiupiga vya kutosha akiwa katika hasira ile, anaanguka na nguvu zinamtoka.

Nne, usiwe na tamaa. Hapa kijana alisimamisha gemu, akanitazama. Akasema, "Pasta, wengi hawauawi na ujanja wa mnyama. Wanauawa na lile pigo moja la ziada. Umepata nafasi ya kupiga mara mbili, unataka ya tatu."

Akanyamaza. Halafu machozi yakamtoka, pale pale kibandani, wenzake wakishangilia mabao.

Amenipa ruhusa nisimulie, jina lake silitaji. Kijana huyu hakuwa amepotea kwa sababu ya gemu. Alikuwa anabeti kwenye simu. Alianza na mechi za Jumamosi, shilingi hamsini hamsini. Baadaye akaingia kwenye ile ndege inayopaa, unayotakiwa kutoa pesa zako kabla haijapotea. Mama yake alimpa shilingi 14,500 za kujiandikisha chuo cha ufundi, pesa za mahamri na viazi karai, pesa za kuamka saa kumi za usiku. Zikaenda zote kwa siku mbili. Akakopa kwenye simu ili azirudishe. Zikaenda nazo. Kila mara alijiambia, moja tu zaidi.

Aliponisikia nikihubiri juu ya magemu alijua moyoni, kama Pasta anakasirika hivi kwa gemu, akijua hili lingine atanifukuza. Akaona aondoke mwenyewe.

Mpendwa, niliumia. Nilikuwa nimepiga mikono ya mnyama, ile inayoonekana, na mkia sikuuona.

Sasa nisikilize, maana haya ndiyo maoni yangu, na nayasimamia. Sisemi gemu halina madhara. Kijana anayeacha kazi na shule akae kibandani kuanzia asubuhi hadi jioni ana tatizo, na pesa za kulipia saa hizo zinatoka mahali. Kila kitu kiwe na kiasi. Lakini kanisa la pwani hii, wazazi, nami wa kwanza, tunapigana na kitu tunachokiona kwa sababu ni rahisi, huku kamari inakula watoto wetu kimyakimya sebuleni, chini ya shuka, hata ndani ya ibada. Kibanda cha gemu kina mlango, unaweza kuingia ukamtoa mtoto. Kamari imo mfukoni mwake. Na si ya vijana peke yao. Kuna baba anayesoma ujumbe huu akiwa na madeni ambayo mkewe hayajui. Sheria ya Kenya inakataza kamari kwa aliye chini ya miaka 18, lakini wewe mwenye miaka 45 nani atakukataza?

Mkia wa kamari ni SIRI. Nguvu zake zote zinatoka pale. Siku siri inapokatwa, mnyama anaanguka. Hafi siku hiyo, lakini anaanguka.

Na ukope mkopo ili ulipe hasara ya kamari? Ubeti tena ili urudishe? Hiyo ni kwenda kwa Rajang na silaha ya radi. Unampa chakula chake mwenyewe. Barafu yake ni ukweli uliosemwa mbele ya mtu unayempenda.

Jioni ile tulitoka kibandani pamoja hadi kwa mama yake. Sikuhubiri. Kijana alisema mwenyewe, akiwa amepiga magoti. Mama alilia, akanyamaza muda mrefu, halafu akamwambia, "Inuka ule." Siku iliyofuata pesa za simu yake zikawekwa chini ya dada yake mkubwa, akaomba akaunti ya kubeti ifungwe, na madeni tukayaandika kwenye karatasi moja moja. Analipa kidogo kidogo kwa vibarua vya ujenzi upande wa Galu.

Je, ameshinda? Nitasema ukweli. Wiki ya pili alianguka. Aliazima simu ya rafiki akabeti mia mbili. Lakini usiku ule ule alinipigia, saa tano na nusu, akasema, "Pasta, nimeanguka." Nikamwambia asante kwa kupiga simu.

Katika gemu lile kuna kitu kinaitwa ishara ya kuomba msaada. Ukizidiwa unairusha angani, na wawindaji wengine wanaweza kuja, mkawa hata wanne kwa mnyama mmoja. Mhubiri 4, mstari wa 9 hadi 12, unasema jambo hilo hilo la wawili na la kamba ya nyuzi tatu. Simu ya saa tano na nusu ilikuwa ishara hiyo. Kanisa, tutaiona ikirushwa? Au tutamwuliza alikuwa akifanya nini porini?

Na jambo la mwisho alilonifundisha. Mnyama wa gemu hili haonyeshi kipimo cha uhai wake. Hujui amebakiza kiasi gani. Unampiga dakika ishirini, unaona kama bado ni mzima. Unachoweza kuangalia ni dalili, na siku moja unamwona anachechemea. Hapo unajua kazi yako haikuwa bure. Kwa hiyo usiache kwa sababu huoni matokeo.

Jumapili iliyopita kitambaa kiliondolewa kwenye kinanda. Wimbo wa kwanza aliukosea ufunguo. Hakuna aliyejali.

Kama una mkia uliouficha, mpendwa, usiuandike hapa chini watu wakausoma. Njoo. Jumatano jioni mimi niko kanisani, mlango uko wazi, na wala sitapiga mimbari. Na kama wewe ni mzazi, leo usianze na fimbo wala mahubiri. Keti kando ya mwanao kwenye benchi, umwulize, "Huyu ni nani?" Kisha usikilize.

Tuombe. Baba, tusamehe tuliokemea kutoka mbali. Tupe miguu ya Daudi, ya kumfuata simba hadi aliko kondoo. Aliyeanguka usiku huu apate wa kumpigia simu. Kwa jina la Yesu. Amina.

Mchungaji wenu, Mwabungo.