Mtoto Anayetaka Kuandikia Televisheni



Kijana akisema anataka kuandika tamthilia za televisheni, wengi wetu huona amepotea. Tunataka daktari au mhasibu. Jioni ile ile tunalalamika kwamba Muislamu kwenye televisheni haonekani ila akiwa gaidi. Je, nani atamwandika vingine kama si watoto wetu?

Tumtazame Zarqa Nawaz wa Kanada. Alikusudia udaktari, akakosa nafasi chuoni. Akasomea uandishi wa habari, akatengeneza filamu fupi za kuchekesha, kisha akabuni Little Mosque on the Prairie, tamthilia ya vichekesho kuhusu msikiti wa mji mdogo, iliyoonyeshwa na CBC kuanzia 2007 hadi 2012. Hakuanzia juu.

Basi tusimzuie mtoto, tumwongoze. Aanze na hadithi ya dakika kumi, yaani kurasa kumi hivi za mswada. Awasomee wenzake, asikie wapi wanachoka, aiandike upya. Sisi kazi yetu ni kumfunza mipaka: asimsingizie mtu, asiyapambe maovu. Kalamu ni amana.

Wabillahi tawfiq.