Dawa zilikwama Kilindini, wagonjwa wakihesabu vidonge

Korona ilipoingia Kenya Machi 2020, sote tulikuwa na hofu ya barakoa na kafyu. Jirani anayemeza ARV kila siku tulimsahau.

Hapa Pwani wapo wasiochukua dawa zahanati ya mtaani. Wa Mji wa Kale huvuka feri hadi Likoni, wa Kwale huja Mombasa, wasionwe na wanaowajua. Aprili kaunti za Mombasa, Kilifi na Kwale zilifungwa kuingia na kutoka; Mei ikawa zamu ya Mji wa Kale wenyewe. Sasa utamwambia askari wa kizuizini unafuata nini?

Mwezi huo huo WHO na UNAIDS walikadiria kuwa tiba ikikatika miezi 6, Afrika kusini mwa Sahara ingeweza kupata vifo zaidi ya 500,000 vya ziada.

Ajabu ni kwamba pigo la 2021 halikuletwa na korona. Shehena ya ARV za msaada wa Marekani ilikwama bandarini kwetu kwa mvutano wa ushuru. Waliozoea kupewa za miezi 3 wakapewa za mwezi au chini ya hapo, safari zikazidi wakati tunaambiwa tusitembee.

Kwa maoni yangu, serikali itoe dawa za miezi mingi kabla ya kufunga njia, na ushuru ujadiliwe dawa zikishafika kwa wagonjwa. Nasi tuache kusengenya. Jirani akisitiriwa mtaani kwake, hana haja ya kuvuka kizuizi chochote.