Stelingi Hafi, Ndoa Yake Ndiyo Hufa

Kila mtoto wa Mbagala anaijua sheria ya kwanza ya muvi: stelingi hafi. Atapigwa risasi, ataangushwa kutoka ghorofani, atazamishwa baharini, lakini mwisho atasimama. Sheria hiyo tuliijua tangu enzi za vibanda vya video, Lufufu alipokuwa akitusimulia kwa Kiswahili mambo ambayo wazungu walikuwa wakiyasema kwa lugha yao. Siku hizi muvi zinawekwa kwenye flashi na kwenye simu, lakini sheria ni ile ile. Nasema katika makala hii kwamba ipo sheria ya pili ambayo hakuna anayeitamka: stelingi hafi, lakini ndoa yake sharti ife. Sheria hiyo imeingia katika nyumba zetu, na baya zaidi, imeingia hata katika utumishi wetu.

Nazungumzia mashujaa wa katuni: Superman, Batman, Spider-Man, Black Panther na wenzao. Pita sokoni Rangi Tatu shule zinapokaribia kufunguliwa, utawaona kwenye mabegi, kwenye fulana, kwenye madaftari. Wamebandikwa hata kwenye vioo vya bajaji. Wengi wa vijana wetu hawajawahi kushika kitabu chenyewe cha katuni, kwa kuwa wamewajua mashujaa hawa kupitia muvi. Lakini muvi zilizaliwa na vitabu, na tabia ya shujaa nyumbani kwake ilianza kuchorwa zamani, tangu Superman alipotokea mwaka 1938.

Wapo wapendwa ambao wakiona picha hizo hukemea. Husema ni uchawi, kwa sababu binadamu haruki angani wala hapandi ukuta kama buibui. Naheshimu uchungu walio nao kwa ajili ya watoto, lakini wamekosea shabaha. Mtoto wa miaka saba anajua vizuri kwamba mtu hatoi utando mkononi. Asichokijua, kwa sababu hakuna aliyemwambia, ni kwamba hadithi hiyo hiyo inamfundisha mume ni mtu wa namna gani. Habari ya utando ataicheka akikua. Habari ya mume atakwenda nayo mpaka siku atakayosimama kanisani amevaa suti, akimvisha mwenzake pete.

Tuangalie basi mambo yenyewe. Spider-Man alikuwa na mchumba, Gwen Stacy. Mwaka 1973 adui alimtupa binti huyo kutoka darajani, na utando ambao Spider-Man aliurusha kumwokoa ndio uliomvunja shingo. Mwaka 1987 shujaa huyo alimwoa mwanamke mwingine, Mary Jane, na wasomaji wakashangilia. Miaka 20 baadaye, mwaka 2007, shangazi yake alikuwa mahututi kwa risasi. Akaja Mephisto, ambaye katika vitabu hivyo ndiye ibilisi, akaahidi kumponya shangazi. Hakudai fedha wala roho. Alidai ndoa. Spider-Man na mkewe wakakubali, na asubuhi yake ikawa kana kwamba hawakuwahi kuoana kamwe.

Ndugu msomaji, soma tena hapo. Waandishi wa Marekani, ambao hawakuwa wakiandika mahubiri, walipojiuliza ibilisi angependa kupewa nini na mtu mwema, walijibu: ndoa yake. Kwa hilo walisema kweli kuliko walivyokusudia. Lakini kwao hiyo haikuwa habari ya kuliliwa. Mhariri mkuu wao alikuwa ameeleza waziwazi kwamba shujaa aliyeoa anaonekana mzee na anabana hadithi. Hawakutaka atoe talaka, maana talaka nayo ingemzeesha. Ibilisi alikuja kuwatatulia wahariri tatizo lao.

Wala si yeye peke yake. Batman alipanga kumwoa Catwoman mwaka 2018. Bibi harusi hakutokea, kwa kuwa aliaminishwa kwamba Batman akiwa na furaha hatakuwa Batman tena. Superman alimwoa Lois Lane mwaka 1996, na mwaka 2011 ndoa hiyo ikafutwa vitabu vilipoanzishwa upya. Hata yule wa kwetu hakusalimika. Storm, ambaye vitabu vinasema mama yake ni binti wa kifalme kutoka Kenya, aliolewa na Black Panther mwaka 2006. Mwaka 2012 aliambiwa kwamba kuhani mkuu wa Wakanda ameibatilisha ndoa yao, na kuhani mkuu huyo alikuwa mumewe mwenyewe! Mwaka 1999 mwandishi Gail Simone aliorodhesha wanawake wa vitabu hivi waliouawa, walioumizwa au walionyang'anywa uwezo wao. Orodha ilikuwa ndefu, na swali lake likabaki: kwa nini mwanamke huumizwa ili mwanamume apate sababu ya kupigana?

Kwa haki niseme kwamba Superman baadaye alirudishiwa mke, akapewa na mtoto wa kiume, Jonathan, na hadithi zake za baba na mwana zikapendwa. Kumbe inawezekana. Kumbe nyumba yenye mume, mke na mtoto si mwisho wa kisa. Wanaosema ndoa inaua hadithi wameshindwa kuandika tu.

Masomo ninayoyapinga ni matatu. La kwanza, mwanamke ni gharama ya kazi kubwa ya mwanamume. La pili, siri ni namna ya kupenda: shujaa humficha mkewe yeye ni nani, eti kwa usalama wake. La tatu, harusi ndiyo kilele, na baada ya hapo hakuna la kusimuliwa.

Mtu ataniambia, "Hizo ni hadithi tu, mbona unazikuza?" Namjibu kwamba sisi Waswahili hatujawahi kuamini kwamba hadithi ni hadithi tu. Bibi zetu walilelea watoto kwa habari za sungura na fisi. Mwingine ataniambia hayo ni ya wazungu. Je, ya kwetu? Jarida la Sani, la kina Saidi Bawji na Nico Ye Mbajo, lilituchekesha miaka mingi kwa kina Ndumilakuwili, Lodi Lofa na Dokta Love Pimbi. Katuni zetu zimekuwa na uhai na ucheshi ambao siwezi kuudharau. Lakini hesabu vichekesho vinavyohusu fumanizi, kimada na mke mwenye kelele, kisha hesabu vinavyoonyesha mume na mke wakipendana baada ya miaka kumi. Mgeni ameonyesha ndoa kama kamba ya kumfunga shujaa, na mwenyeji ameionyesha kama kichekesho. Kijana wetu amekaa katikati yao.

Sasa nije kanisani, maana ndiko ninakotaka kufika.

Somo la siri tumelishika sana. Mume ana laini ya pili ya simu ambayo mke haijui. Ana kiwanja Mkuranga ambacho nyumbani hakijatajwa. Mke naye amechukua mkopo wa kausha damu, na mume atajua siku wakusanyaji watakapokuja kubeba kochi. Ukiwauliza kila mmoja, atakuambia, "Sikutaka kumpa mwenzangu presha." Hayo ni maneno ya Superman kwa Lois, neno kwa neno katika maana yake. Lakini Maandiko yanasema hao wawili ni mwili mmoja. Mwili mmoja hauwezi kuficha kidonda mguuni ili kichwa kisipate presha.

Somo la harusi kuwa kilele tumelishika kuliko hata wenye katuni. Tunaunda kamati, tunagawa kadi za michango, tunafanya kichen pati na sendofu, tunakodi ukumbi na mshereheshaji. Miezi sita usharika mzima unajua rangi za sare. Baada ya hapo, kimya. Nani huwatembelea maharusi hao mwaka wa pili, mtoto wa kwanza anapolia usiku na kodi ya chumba imefika? Sisi nasi tumefunga kitabu kwenye ukurasa wa keki.

Lakini linaloniuma zaidi ni lile la kwanza. Tunao mashujaa wetu wasiovaa kofia wala joho la kuruka. Ni watumishi. Jumatatu kikao, Jumanne kwaya, Jumatano maombi, Alhamisi kutembelea wagonjwa, Ijumaa mkesha, Jumamosi harusi au msiba, Jumapili ibada mbili na semina. Kila mtu anamsifu: "Huyu baba amejitoa!" Mkewe ameketi kiti cha mbele, amevaa vizuri, anatabasamu, na hajazungumza na mumewe kwa utulivu tangu Pasaka. Watoto wanamwona baba yao akiwalilia watoto wa wenzake kwenye maombi. Yakivunjika, tunasema shetani amepiga nyumba ya mtumishi. Lakini nani alimpelekea shetani kipande kile, wiki baada ya wiki, huku sisi tukipiga vigelegele?

Paulo alipomwandikia Timotheo juu ya sifa za askofu, hakuuliza kama anatoa pepo au anajaza uwanja. Aliuliza kama anaisimamia vema nyumba yake mwenyewe, kisha akahoji kwamba asiyeijua nyumba yake atalitunzaje kanisa la Mungu. Kwa Paulo, nyumba ya mtumishi ndiyo ushahidi wa kwanza wa utumishi wake.

Maandiko yenyewe yametupa mifano miwili. Wa kwanza ni Samsoni. Huyo ni stelingi kamili: ana nguvu za ajabu, ana siri, anapiga maelfu peke yake. Harusi yake iliharibika kabla karamu haijatulia, na maisha yake yakaisha chini ya vifusi. Watoto wa shule ya Jumapili tunawafundisha misuli yake, na lawama zote tunamwachia Delila. Mfano wa pili ni Akila na Prisila, mafundi wa mahema. Hawakuangusha nguzo ya jengo lolote. Wametajwa mara sita katika Agano Jipya, na katika zote sita hakuna hata mara moja jina la mmoja limetajwa bila la mwenzake. Walimkaribisha Paulo, walimfundisha Apolo, waliweka kanisa ndani ya nyumba yao. Mahubiri mangapi umesikia juu ya Samsoni, na mangapi juu ya Akila na Prisila?

Watu wa Mbagala hatuhitaji kufundishwa ushujaa na mtu wa Marekani. Tarehe 29 Aprili 2009 ghala la mabomu la jeshi lilipolipuka hapa kwetu, watu walikufa, nyumba zilibomoka, na watoto wengi walipotezana na wazazi wao. Hakuna aliyeshuka kutoka angani. Mashujaa wa siku ile walikuwa ni wale walioshika mikono ya watoto wasio wao, na baba na mama waliozunguka wakiulizia kwa majina mpaka nyumba ikatimia tena. Katika katuni shujaa huiacha nyumba ili auokoe mji. Hapa mji uliokolewa na watu waliokuwa wakitafuta nyumba zao. Anayemwambia kijana kwamba lazima achague kati ya kuwa mume na kuwa shujaa anamdanganya.

Kwa hiyo sisemi tuchome fulana za watoto. Nasema mambo matatu, na nayaelekeza kwetu. Kwanza, mzee wa kanisa na mama mlezi wawatembelee wanandoa baada ya mwaka mmoja, mitatu na saba, na sehemu ya michango ya harusi itengwe kwa kazi hiyo badala ya kuongeza sahani ukumbini. Pili, baraza la wazee limpe kila mtumishi siku moja ya nyumbani kila wiki, lisimamie kwamba anaitumia, na tuache kumpigia makofi anayejisifu kwamba hajalala kwake. Tatu, walimu wa vijana wakae nao waitazame muvi hiyo wanayoipenda, kisha wawaulize: mke wake yuko wapi? Anajua nini? Nani aliamua? Vijana wetu wana akili. Wakiulizwa swali hilo mara moja, hawataitazama tena muvi yoyote kwa macho ya zamani. Na wale wenye kipaji cha kuchora, tuwape karatasi na rangi, tuwaambie waanze hadithi siku ya pili baada ya harusi.

Kristo alilipenda kanisa akajitoa kwa ajili yake. Hakumtoa bibi arusi ili yeye apate kuishi. Mashujaa wa katuni wamegeuza jambo hilo juu chini: stelingi hafi, hufa mwenzake. Bwana wetu alikufa kwanza, na ndoa yake na kanisa ipo mpaka leo. Wanaume wa Mbagala, tuchague tunamfuata nani.